Wasomaji Wauliza: Tovuti ya Kufunza Lugha

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa walimu, wanafunzi na wazazi wanaotaka kujenga tovuti za kufunza lugha za nyumbani. Tumejibu tisa. Wengi wenu mmeuliza habari za rangi na michoro, na hayo tumeyaacha kwa makusudi, maana shida zenu karibu zote zinatoka mahali pamoja: jinsi tovuti inavyoamua kwamba mwanafunzi amejibu sawa au amekosa.

Nina maneno 1,200. Nianzie wapi?

*Hamjambo wahariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Watoto wengi darasani kwangu wanaongea Kiswahili na Kiingereza, lakini wakienda kwa nyanya zao hawawezi hata kuomba maji kwa Dholuo. Nimekusanya maneno 1,200 kwenye daftari, nataka tovuti ya kuwafunza kwa michezo. Kijana mmoja fundi wa tovuti anataka malipo ya kwanza kabla ya kugusa kazi. Nimpe? — Mwalimu, Kisumu*

Mwalimu, usilipe bado. Ukimpa fundi maneno 1,200 kabla hujajua somo moja linavyokwenda, atakuletea kamusi yenye vitufe, na watoto wataifungua mara moja tu.

Funga daftari kwanza. Toa maneno 12 yanayokutana mahali pamoja, tuseme sokoni: rech, alot, mogo, chumbi, chak, gweno, oganda, rabolo, oduma, bel, mo na pi. Ongeza sentensi mbili za kuyatumia, *Adwaro rech* (nataka samaki) na *En pesa adi?* (ni pesa ngapi?). Hilo ni somo zima. Likiwashinda watoto, yale maneno 1,188 yaliyobaki hayataliokoa.

Sasa chukua karatasi za A4. Gawa upana vipande vitatu na urefu vipande viwili. Utapata vipande sita, kila kimoja sentimita 7 kwa karibu 15, ambacho ndicho kimo cha skrini ya simu ya kawaida. Kila kipande ni ukurasa mmoja wa tovuti. Unahitaji tisa: ukurasa wa kwanza, orodha ya masomo, kadi ya neno, swali la picha, swali la kusikiliza, swali la kuandika, jibu likiwa sawa, jibu likiwa si sawa, na mwisho wa somo. Karatasi mbili zinatosha, na vipande vitatu vinabaki vya kurekebishia. Chora kwa penseli. Kitufe kisipungue sentimita moja kwenda juu wala kwenda kando, na kati ya kitufe na kitufe acha nafasi, la sivyo kidole kitagusa viwili kwa pamoja.

Ukurasa wa kutolea jasho ni ule wa jibu lisilo sawa. Mafundi wengi huweka alama nyekundu na neno "Umekosea", basi. Wako uonyeshe alichoandika mtoto, chini yake lile lililotakiwa, na kitufe cha kulisikia tena kabla ya kuendelea. Kisha lile neno lirudi baada ya maswali matatu au manne. Likirudi papo hapo mtoto analikariri kwa macho tu, halafu linapotea.

Siku ya kujaribu, kaeni watatu mezani. Mmoja ni kompyuta: kazi yake ni kubadilisha karatasi kila mtoto anapogusa kitufe. Hasemi kitu, isipokuwa kwenye swali la kusikiliza, maana hapo yeye ndiye spika. Wa pili anaandika. Wa tatu ni mtoto mwenyewe. Mwandishi aandike mambo matatu: mtoto alikaa sekunde ngapi kabla ya kugusa chochote, kidole kilikwenda wapi kwanza, na alisema nini alipokwama. Mtoto akiuliza "Nibonyeze wapi?" msimjibu. Mwulizeni, "Wewe ungebonyeza wapi?" Hapa walimu ndio hushindwa, maana mkono umezoea kuelekeza.

Watoto watano, mmoja mmoja, wanatosha kwa duru ya kwanza. Idadi hiyo ilienezwa na Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, mwaka 2000: watu watano hufichua sehemu kubwa ya makosa ya matumizi, na wa sita huanza kurudia yale yale. Lakini hao watano wawe wa kundi moja. Mtoto wa darasa la pili na mzazi anayejifunza pamoja naye ni makundi mawili. Kila moja lijaribiwe peke yake. Watatu kati ya watano wakikwama pale pale, ubadilishe ukurasa huo usiku huo huo na ujaribu tena kesho na watoto wengine.

Mambo yatakayojitokeza tunaweza kuyataja kuanzia sasa. Umechora glasi ya maji ukitaka *pi*, na mtoto anasema "glasi". Chora bomba linalotiririka. Umeweka majibu ya uongo yaliyo mbali mno, *rech* kati ya gari na kitabu, hivyo mtoto anapata alama bila kujua Dholuo hata chembe. Majibu yote yatoke sokoni. Jibu sawa liko katikati kila mara, au ndilo refu kuliko mengine. Watoto hulijua hilo kabla ya swali la nne.

Kesho yake, bila karatasi, waulize yale maneno 12. Wakikumbuka chini ya sita, somo ni refu: lipunguze hadi manane. Somo likishika, mwite fundi. Mpe kurasa tisa na umlipe kwa somo moja linalofanya kazi kwenye simu. Mkubaliane mapema kwamba maneno yatakaa kwenye jedwali lako mwenyewe, si ndani ya msimbo wake, na kwamba jina la tovuti litasajiliwa kwa jina lako na nywila zote uwe nazo.

Laptopu inakubali, simu inakataa

*Wahariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nakuru. Tovuti yangu inafunza kuhesabu kwa Dholuo, achiel hadi apar. Nikiandika ang'wen kwenye laptopu, naambiwa sawa. Dada yangu akiandika hivyo hivyo kwenye iPhone, anaambiwa amekosea. Tumelinganisha herufi kwa herufi na hatuoni tofauti. — Mwanafunzi, Nakuru*

Tofauti iko kwenye ile alama ya ng'. Kwa jicho ni moja, kwa kompyuta ziko kadhaa. Kibodi ya laptopu inatoa alama iliyonyooka, ambayo nambari yake ni U+0027. iPhone kwa kawaida huigeuza kuwa iliyopinda, U+2019. Microsoft Word nayo hupinda, kwa hiyo ungenakili orodha yako kutoka Word, simu ingekubali na laptopu ndiyo ingekataa. Iko pia U+02BC, ambayo wanaisimu huitumia kama herufi halisi, na wako watu wanaobonyeza alama yoyote inayofanana nayo iliyo karibu na kidole.

Dawa ni kulainisha pande zote mbili kabla ya kulinganisha, jibu la mwanafunzi na lile lililo kwenye orodha, kwa mstari huu wa JavaScript:

`jibu.trim().toLowerCase().replace(/[’‘ʼ`´]/g, "'").replace(/\s+/g, " ")`

Mstari huo unaondoa nafasi za mwanzo na mwisho, unashusha herufi kubwa, unageuza alama zote kuwa moja, na nafasi mbili zinakuwa moja. Ondoa pia nukta ya mwisho, kwa sababu simu nyingi huiweka zenyewe mtu akibonyeza nafasi mara mbili. Kwenye kisanduku cha kuandikia weka `autocapitalize="off"`, `autocorrect="off"` na `spellcheck="false"`. Bila hivyo simu itasahihisha Dholuo kwa kamusi ya Kiingereza, halafu mwanafunzi alaumiwe kwa kosa la simu.

Sasa aliyeandika *angwen* bila alama, tumkatae? Sisi tungempa jibu la tatu. Badala ya sawa na si sawa peke yake, tovuti iwe na "karibu": alama hapotezi, ila anaonyeshwa palipopungua na neno linarudi mapema. Ng na ng' ni sauti mbili, kama ngoma na ng'ombe zinavyotenganishwa kwenye Kiswahili. Ukikubali kimya kimya, umefunza sauti isiyo sawa.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kanuni ya Levenshtein, ile iliyotolewa na Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Inahesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili neno moja liwe jingine. Watu huruhusu kosa la herufi moja, wakidhani wamemsamehe aliyeteleza kidole. Jaribu kwa Kiswahili: *kitabu* na *vitabu* zimetengana kwa herufi moja. *Mti* na *miti*, moja. Umeuliza wingi, mwanafunzi ametoa umoja, na tovuti imempigia makofi. Kwa Dholuo, *kidi* na *kite*, yaani jiwe na mawe, zimetengana kwa mbili. *Got* na *gode*, kilima na vilima, pia mbili. Ukiruhusu mbili, umeufuta wingi wote wa somo lako.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu wa ukaguzi. Anza na orodha ya majibu yanayokubalika, nayo iwe ndefu kuliko unavyodhani. "Naenda sokoni", "Ninaenda sokoni", "Nakwenda sokoni" na "Ninakwenda sokoni" zote ni sawa. Pili, orodha ya makosa unayoyajua, kila moja na maelezo yake: aliyeandika *kidi* aambiwe "Hilo ni jiwe moja, tumeuliza mengi." Baada ya hizo mbili ndipo uje msamaha wa herufi moja, tena kwa maneno ya herufi saba kwenda juu, nao utoe "karibu", si "sawa". Kilichobaki ni kosa. Ukigeuza mpangilio huo, msamaha unayameza makosa kabla hayajafikiwa.

Na kila jibu lililokataliwa lihifadhiwe bila jina la mtu. Baada ya wiki moja lisome faili hilo. Utakuta majibu yaliyokuwa sawa, ila wewe hukuyafikiria.

Kurekodi bila studio

*Habari zenu. Nina bibi wawili na babu mmoja walio tayari kunirekodia maneno, lakini studio hatuna, tuna simu tu. Na nyumba ni ya mabati. Tufanyeje ili sauti zitoke safi na zisimalize bando la watu? — Msomaji, Siaya*

Simu inatosha. Chumba ndicho kitakuharibia. Chagua chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, zima friji, na ufanye asubuhi. Mvua ikianza kugonga mabati, acheni mnywe chai. Hakuna programu inayoiondoa mvua bila kuondoa na herufi. Simu ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kando kidogo badala ya mbele kabisa, la sivyo p na b zinapuliza kipaza sauti.

Shida kubwa haiko kwenye simu. Mtu akisomewa orodha, sauti yake huimba orodha: inapanda kwa kila neno na kushuka kwenye la mwisho. Katika Dholuo, kama katika lugha za Kiluhya, kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana, hivyo umerekodi neno lenye mwinuko usio wake. Tena Dholuo huandikwa kwa irabu tano huku zinazosemwa ni zaidi ya hizo, kwa hiyo maandishi hayatamwokoa mwanafunzi. Sikio ndilo tegemeo lake. Basi msiwasomeshe wazee orodha. Mwonyeshe bibi samaki, au picha yake, umwulize *Ma en ang'o?* naye ajibu *En rech.* Akijibu mara tatu, ya kwanza huwa ya haraka na ya tatu imechoka, kwa hiyo mara nyingi utachagua ya pili. Kisha kata *rech* peke yake, na ile sentensi nzima uihifadhi pia. Utaihitaji.

Ukikata kwa programu ya Audacity, acha sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya neno na mbili za kumi baada yake. Ukibana mwanzo kabisa, t na k zinakatika vichwa. Sauti za wote zilingane ukubwa, la sivyo mwanafunzi atapandisha kwa bibi kisha babu amfokee.

Bando sasa. Faili la WAV, lile lisilobanwa, la sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, spika moja, linakula kama kilobaiti 88 kwa sekunde. Neno la sekunde mbili ni kilobaiti 176. Hilo likae nyumbani kama mbegu, usilipandishe. Kwenye tovuti weka MP3 ya kilobiti 64, spika moja: kilobaiti 8 kwa sekunde, neno 16. Kwa maneno 400 yenye sauti mbili, hiyo ni tofauti ya megabaiti 141 na 13. Na hata hizo 13 zisishuke kwa mpigo. Somo la maneno 12 kwa sauti mbili ni kilobaiti 384, lishuke hilo peke yake mtu anapolifungua.

Majina ya mafaili yasiwe na nafasi, herufi kubwa wala ile alama ya ng'. Andika `luo_angwen_bibi1.mp3`. Weka sauti ya mwanamke na ya mwanamume kwa kila neno, kwa kuwa mwanafunzi aliyezoea sauti moja huduwaa akisikia nyingine sokoni.

Kiluhya kipi?

*Ndugu wahariri, sisi ni kikundi cha vijana Bungoma. Tumeanza tovuti ya Kiluhya. Kila tukionyesha watu, mmoja anasema neno ni hivi, mwingine anasema sivyo. Tupige kura? — Vijana, Bungoma*

Msipige kura. Hakuna neno la Kiluhya linalosubiri kushinda, kuna lugha jamaa kadhaa chini ya jina moja. Angalieni tu wenyewe wanavyojiita: Babukusu, Avalogooli, Abanyore, Abawanga. Kiambishi cha watu peke yake kimeshabadilika kabla hamjafika kwenye neno lenyewe. Mkichanganya, mwanafunzi atatoka na sentensi isiyozungumzwa mji wowote.

Chagueni moja, na kwa kuwa mko Bungoma ni Lubukusu, muiandike hivyo hivyo juu ya tovuti. Kwenye msimbo tumieni alama ya lugha yenyewe: `bxk` ni Lubukusu, `rag` ni Lulogooli, na `luy` ni jina la jumla ambalo halimwambii mtu kitu. Jedwali la maneno liwe na safu ya lugha, umoja, wingi, maana, sentensi ya mfano, faili la sauti, eneo la msemaji, na aliyekagua. Safu ya eneo mtaiona haina kazi leo. Siku mtu wa Vihiga atakapoleta maneno yake, hiyo ndiyo itakayowaokoa na kazi ya kupanga upya mistari yote. Maneno mawili yakitumika Lubukusu yenyewe, yote mawili yaingie kwenye majibu yanayokubalika na moja lionyeshwe kwanza.

Jedwali likihifadhiwa kama CSV, yaani maandishi matupu, chagueni UTF-8, mfumo wa herufi unaotunza hata zile alama zisizo za kawaida.

Maneno yanarudi mengi mno

*Tovuti yangu inarudisha maneno kila baada ya siku kadhaa ili mtu asisahau. Mwanzoni ilipendeza. Sasa watu wanasema wakikosa wiki moja wanakuta maswali mamia. Pia kuna mvulana anayesoma usiku anayelalamika kwamba siku zake hazihesabiwi vizuri. — Homa Bay*

Kurudia kwa nafasi ni jambo zuri, lakini lina hesabu yake. Mwandishi Sebastian Leitner alilieneza miaka ya 1970 kwa kadi na masanduku: ukipata, kadi inaenda sanduku la mbele, ukikosa inarudi la kwanza. Tuseme masanduku yako ni ya siku 1, 3, 7, 14 na 30. Kila neno basi litaulizwa mara tano likienda vizuri. Ukitoa maneno mapya 10 kwa siku, baada ya siku 55 hivi mzunguko ukishajaa, mtu ana maswali 50 kila siku kabla hujahesabu aliyokosa. Kwa sekunde 6 kila moja ni dakika 5, na makosa yanaifanya 7 au 8. Maneno mapya matano yanakata yote hayo nusu. Sisi tungeanza na matano.

Aliyepotea wiki moja asionyeshwe deni lote. Weka kikomo cha maswali 30 kwa siku, uyapange kuanzia yale ya masanduku ya mwanzo ambayo yamekaribia kusahaulika kabisa, na usimwongezee neno jipya hadi deni lishuke chini ya 30. Idadi ya deni usiiandike popote. Mtu akiona 340 anafunga simu.

Huyo mvulana wa usiku ana haki. Bila shaka tarehe unaichukua kwa `toISOString`, ambayo hutoa saa za Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele. Kwa tovuti yako siku mpya inaanza saa 9 usiku. Akisoma saa 8 usiku, anahesabiwa jana. Chukua mwaka, mwezi na siku kwa `getFullYear`, `getMonth` na `getDate`, ukikumbuka kwamba `getMonth` huanza na sifuri. Kuna wanaosema siku ya mwanafunzi imalizike saa 10 alfajiri kwa makusudi, ili anayekesha asikatwe katikati. Ni sawa pia, bora uwe umeamua mwenyewe.

Na kama kumbukumbu zote ziko kwenye `localStorage`, yaani hifadhi ya kivinjari ndani ya simu yenyewe, jua kwamba nafasi ni kama megabaiti 5, kwamba simu moja nyumbani hutumiwa na watoto watatu, na kwamba Safari hufuta kumbukumbu za tovuti isiyoguswa kwa siku 7 za matumizi. Weka chaguo la jina kabla ya somo, na kitufe cha kutoa nakala ya maendeleo kama faili.

Nichore kwa Figma au niandike msimbo moja kwa moja?

*Wahariri, nimeambiwa kila mbunifu wa kweli anaanza na Figma. Wengine wanasema ni kupoteza muda. — Kakamega*

Baada ya karatasi, programu ya kuchora kurasa kama Figma au Penpot inafaa kwa jambo moja: kumpa mtu wa mbali ajaribu njia kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kwa kazi yako inaishia hapo. Swali la kuandika haliwezi kupimwa kwenye mchoro, maana kinachopimwa ni vidole vya mtu, kibodi yake na ule ukaguzi tuliomweleza msomaji wa Nakuru. Kwa hilo andika ukurasa mmoja wa HTML wenye maneno 12 ndani yake, bila hifadhidata, bila kuingia kwa nywila. Ni kazi ya jioni mbili.

Ukitenga maneno kwenye faili la JSON kisha ukafungua ukurasa kwa kubofya faili mara mbili, kivinjari kitakataa kulisoma na utaona ukurasa mweupe. Msimbo wako ni mzima. Fungua kituo cha amri kwenye folda hiyo uandike `python3 -m http.server 8000`, halafu uende `localhost:8000`. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi moja na laptopu, iandikie anwani ya IP ya laptopu na hiyo 8000, nayo itafungua. Kipaza sauti pekee hakitafanya kazi kwa njia hiyo kwenye simu, kwa sababu kivinjari hukiruhusu kwenye HTTPS au localhost tu.

Sauti za watoto

*Nataka watoto wajirekodi wakisema neno, tovuti iwape alama za matamshi. Je, kuna sheria? — Mzazi, Busia*

Sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na sauti yake ni taarifa zake. Lakini mzazi, huenda huhitaji kufika huko. Acha rekodi ibaki kwenye simu: mtoto anabonyeza, anasema *oduma*, anasikia sauti yake kisha ya bibi, mara mbili mbili, na ukurasa ukifungwa rekodi inapotea. Hakuna kinachopanda kwenye seva, na kazi ya kulinganisha inafanywa na sikio la mtoto, ambalo ndilo unalolifunza.

Alama za matamshi ziache. Mashine iliyozoea lugha nyingine itamkatia alama mtoto aliyesema vizuri, na huyo hatarudi. Ukiandika kirekodi, usilazimishe aina moja ya faili. Chrome hutoa WebM na iPhone nyingi hutoa MP4, kwa hiyo uliza kwanza kwa `MediaRecorder.isTypeSupported`.

Kwa ufupi, wawili wa Migori

*Sauti ya kukaribisha haichezi ukurasa ukifunguka.* Vivinjari huzuia sauti mpaka mtu aguse kitu. Weka kitufe cha "Anza somo" na sauti ichezwe kwenye mguso huo huo.

*Kwenye laptopu picha zote zinaonekana, kwenye tovuti nusu zimepotea.* Kwenye msimbo umeandika `Rech.jpg` na faili linaitwa `rech.jpg`. Windows haijali herufi kubwa, seva nyingi ni Linux na zinajali. Badilisha majina yote yawe herufi ndogo, kwenye folda na kwenye jedwali, kisha upandishe upya.